Kalori za Kiti cha Kapita

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Papa Gérard ameacha kazi! Kapita wetu wa miaka yote, musimamizi wa wabebaji, amerudi kwao Wamaza kulima. Kiti chake cha plastiki kiko tupu kivulini mbele ya depo ya mupunga, na ufunguo uko kwa Mama Régina, mwenye depo. Amesema Jumamosi atamupa kiti yule anayefanya kazi kuliko wote. Wabebaji tuko wawili tu, mimi na Alain. Alain iko na shingo nene na hana maneno. Mimi nimesimama kwa miguu hii miaka kumi na moja, nabeba mupunga wa watu. Kiti ni changu.

Jioni shemeji Djuma amefika kutoka Salamabila na saa ya mukononi, nyeusi, kioo kinawaka. Inahesabu hatua na kalori. Nikauliza kalori ni mududu gani. Akaeleza kwamba ni nguvu ya bugali ambayo mwili unaichoma ukifanya kazi. Ee! Kumbe jasho langu liko na namba! Nimeiazima wiki nzima. Muke wangu Chadia ameuliza kama hiyo saa inaweza kuchota maji.

Jumanne, tarehe 4

Magunia arobaini na moja kutoka kwenye lori hadi ndani. Yote kichwani. Halafu nikatazama: kalori mia mbili na kumi. Haiwezekani! Nimeipiga makofi mawili. Bado mia mbili na kumi.

Djuma amecheka mpaka akakaa chini. Anasema saa inasikia mukono ukicheza. Mimi gunia liko kichwani, mukono uko juu umelishika, saa inafikiri nimesimama kama muti. Magunia arobaini na moja, na chombo kinaniandika muvivu! Nimeumia moyo, kweli. Alain amebeba arobaini na tano bila saa yoyote, halafu akaenda kununua ndizi.

Jumatano, tarehe 5

Njia imepatikana. Gunia kichwani, mikono chini, inacheza kama ya askari kwenye gwaride. Wamama wa sokoni wanabeba hivyo kila siku, ndoo haishikwi. Nimefika gunia la tatu. Pu! Mupunga wote chini, na kuku wa jirani Sifa wakaja kama wamealikwa harusi. Mama Régina akasema niokote punje kwa punje, sitakula mpaka nimalize. Nimefagia, nimepepeta, nimefukuza kuku.

Jioni saa inaonyesha mia nane! Kumbe kufagia kunazidi kubeba. Hilo Alain hajui.

Alhamisi, tarehe 6

Leo sikubeba sana. Nimetembea. Mulangoni hadi ukutani, ukutani hadi mulangoni, mikono nairusha. Alain amebeba magunia yake na mengi ya kwangu, amenitazama tu. Mama Régina akauliza kama nimepoteza kitu. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamueleza saa, kalori, yote, na kwamba chombo hakina upendeleo. Ni mwanamuke wa kupenda namba. Akafikiri, akasema sawa, Jumamosi asubuhi nimuletee kalori za Ijumaa. Zikimushangaza, kiti changu. Nimeapa zitamushangaza.

Halafu nikaogopa. Na kutembea kote huko nimepata elfu moja tu.

Ijumaa, tarehe 7

Kazi nusu siku, kwa sababu ya swala. Nimerudi nyumbani saa tano nioge niende musikitini. Chadia iko uani, kinu mbele yake, muchi juu, muchi chini. Mikono yote miwili! Nimesimama na taulo begani, natazama kama mutu anayetazama mupira. Nikamuambia saa hii itamupendeza, aivae mpaka jioni. Amefurahi, masikini. Amesema tangu ndoa sijamuvisha kitu. Hapo moyo uliniuma kidogo. Nikaenda kuoga.

Ametwanga mupunga, ametwanga sombe, yale majani ya muhogo, amefua, amechota maji mara nne. Mimi baada ya swala nimelala kwenye mukeka ili nisimusumbue. Jioni: elfu tatu mia moja arobaini! Nimeivua mukononi mwake haraka. Hakucheka.

Jumamosi, tarehe 8

Mama Régina akavaa miwani. Elfu tatu mia moja arobaini! Akashika kinywa. Alain akainamisha kichwa. Nikaanza hata kukisogelea kile kiti.

Halafu akagusagusa kioo. Mimi sikujua kwamba hiyo saa inaweka kila kalori na muda wake. Akasema moto mukubwa umewaka hata saa sita na nusu, kalori mia sita. Akauliza Ijumaa saa sita na nusu huwa niko wapi. Mama Régina ni mukatoliki, lakini amezaliwa Kasongo, muda wa swala ya Ijumaa anaujua kama mimi. Akauliza ni musikiti gani huo tunaswali mpaka kalori mia sita. Alain akacheka. Miaka sita tuko pamoja, kicheko chake sikuwahi kukisikia.

Uongo juu ya swala siwezi. Namuogopa Mungu. Nikasema ni Chadia, alikuwa anatwanga. Mama Régina akasema njia ya muongo ni fupi, halafu akanituma nimuite. Nilifikiri anataka kumupa pole.

Chadia akaja na pumba kwenye nywele. Akasalimu, akaingiza mukono kwenye gunia, akauma punje, akasema mupunga huu haujakauka, utaoza. Akauma wa gunia lingine, akasema huu muzuri. Magunia saba mabichi, na sisi tumeyapanga chini ya mengine! Mama Régina akamupa ufunguo na kiti palepale. Aibu niliyoona sina pa kuiandika.

Jumatatu, tarehe 10

Kapita Chadia ameketi. Anaonyesha kwa kidole, gunia hili juani, lile ndani. Alain anamuita Mama Kapita. Na mimi pia. Jioni akasema ametoka kazini, amechoka, na kinu kiko mahali pake. Nimetwanga mupunga. Nimetwanga sombe. Nimechota maji mara tano, nikipita kwa Sifa, yeye na kuku wake wakinitazama. Mugongo umekufa.

Lakini! Djuma alitaka kuondoka leo na saa yake, nikamuomba siku moja tu. Elfu tatu mia sita hamsini na tano! Nimemupita Chadia kwa mia tano kumi na tano. Nimemuonyesha, akasema vizuri sana, kesho nianze na sombe.

Kesho asubuhi kwanza naipeleka kwa Mama Régina. Atavaa miwani, atajionea mwenyewe nani anafanya kazi kuliko wote. Kiti kinarudi kwa mwenyewe.