Ua wa Minyaa na Kamera ya Angani

Jumatatu, 4 Agosti
Mkutano wa kijiji. Binti wa chuo kikuu, Mwalimu Nuru, kasema wametengeneza setilaiti ndogo, yaingia ndani ya ndoo. Ina kamera. Inapita juu yetu, inapiga picha mashamba ya korosho. Mwenyekiti Kassimu akadakia: basi ugomvi wa mpaka wa Mzee Selemani na jirani yake Bernardo utaamuliwa na picha. Watu wakanigeukia, wakacheka. Wacheke! Baba yangu ndiye aliyempokea baba yake Bernardo alipovuka mto Ruvuma kuja kwetu. Alipewa pa kulima muhogo, siyo apande mikorosho. Leo mwanawe anajiita mwenye shamba!

Jumanne, 5 Agosti
Akili ninayo, na chuo sikwenda. Kamera ya juu itaonaje mpaka? Kwa ua wa minyaa ulio kati yetu. Ua ukiondoka, shamba ni moja. Langu! Nimenoa panga. Mke wangu Fatuma kasema, Baba Jafari, utomvu wa minyaa unapofua macho. Nikamwambia macho yangu si ya watu wa mjini.

Jumatano, 6 Agosti
Bernardo kaenda mazikoni Kilambo. Nimefyeka ua wote! Nikapalilia na chini ya mikorosho yake, ifanane na yangu. Kiuno hakinyooki. Utomvu umeniingia macho yote mawili. Sikulia. Yalitoka machozi tu.

Ijumaa, 8 Agosti
Naandika kwa kupapasa. Msikitini nimekosa. Bernardo karudi. Nilingoja matusi. Kaja uani kwangu kunishukuru! Ati, shikamoo mzee wangu, umenipalilia bure, korosho zikidondoka nitaziona zote. Fatuma kacheka hadi kamwaga uji.

Alhamisi, 14 Agosti
Picha imekuja. Ofisi ya kijiji imejaa. Mimi naona ukungu. Nikauliza, shamba langu limekuwa kubwa? Mwalimu Nuru kasema ua unaonekana vizuri, umenyooka, picha ilipigwa Julai. Julai! Kamera gani hiyo, haingoji watu wajiandae? Kassimu kaamua: mikorosho ile ni ya Bernardo, na ua niupande upya mwenyewe. Kisha Bernardo kanishika mkono kunirudisha nyumbani, njia nzima, watu wakitazama. Bora angenipiga.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimepanda minyaa. Amri ya serikali naiheshimu. Ila nimeisogeza kidogo, nyuma ya mikorosho yake mitatu, sasa iko upande wangu. Nani atajua? Mwalimu kasema setilaiti itapita tena. Ipite! Safari hii shahidi wa angani ni wangu.