Mume Wangu Naye Awe Kielelezo

Shehia ya Mfuuni,
Pemba.
Jumanne.

Mheshimiwa Hakimu,
Mahakama ya Wilaya.

Assalamu alaykum.

Natumai hujambo, na lile feni lililo juu ya kichwa chako limeshatengenezwa. Mimi ni Mize, mke wa Silima Jaribu, aliyesomewa jana shitaka la kuiba mbuzi wa sheha wetu, mkuu wa shehia hii, Mzee Hafidh. Ndimi niliyetolewa nje na askari kwa kunong'ona. Sina kinyongo. Naipongeza mahakama yako kwa wepesi, maana shauri la mume wangu lilikwisha kabla chai haijachemka. Nina malalamiko machache tu.

1. Kuhusu kusema kweli. Karani alimsomea Silima shitaka, akamuuliza ni kweli au si kweli. Silima akajibu, "Kweli nilimfunga, lakini kanimalizia muhogo." Akaambiwa ajibu kwa ufupi. Akajibu kweli. Akaulizwa kama basi anakubali kuwa ni mwizi, akaanza upya tangu shina la kwanza lililong'olewa, na jinsi alivyomfunga mbuzi siku tatu akimngoja mwenyewe aje waelewane. Mwisho wewe ukaagiza iandikwe kwamba amekana. Mheshimiwa, nimekaa na mtu huyu miaka ishirini na mbili. Ila yake kubwa ni kusema kweli, hata mbele ya wageni, na nyinyi kwa dakika nne mmeshamfanya mtu wa kukana. Naambiwa kukana huko ndiko kulikomnusuru asifungwe papo hapo, kwa hivyo ahsante.

2. Kuhusu mbuzi. Mbuzi alisomwa vizuri mno: dume, mweusi, ana doa pajani, umri miaka miwili. Silima alisomwa jina na umri tu, na umri wenyewe mlimpunguzia miaka sita. Kisha mwendesha mashtaka akasema mbuzi ni kielelezo cha ushahidi, arudishwe kwa mlalamikaji amtunze mpaka siku ya kesi. Hakudaiwa mdhamini wala kitambulisho. Akatoka mlangoni huku anacheua, nami najua alichokuwa akicheua, na mume wangu akapandishwa gari kupelekwa rumande, kwenye jela mnayoiita Chuo cha Mafunzo. Katika ukoo wetu hajapata kutokea mtu wa chuo. Tunashukuru kwa heshima hiyo.

3. Kuhusu dhamana. Ulisema dhamana iko wazi: wadhamini wawili, wakaazi wa shehia yetu, kila mmoja na barua ya sheha. Mungu akulipe kwa huruma yako. Sheha wetu ndiye mwenye mbuzi. Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza amelala, mara ya pili wino wa muhuri umekauka. Jirani yetu Bakari, aliyekuwa tayari kudhamini, amekumbuka ghafla kwamba mgongo unamuuma.

4. Kuhusu Ijumaa. Kesi itatajwa tena baada ya siku kumi na nne. Ijumaa hii binti yetu Laila anaolewa, na wageni wa bwana harusi wanashuka bandari ya Mkoani Alhamisi. Nilishauriwa Silima ampe nduguye wa Tibirinzi uwakala wa kuozesha. Silima ametuma jawabu kutoka rumande kwamba binti anaye mmoja, na atamwozesha mwenyewe. Laila naye anasema bila babake haolewi, na tangu jana hajatia kitu mdomoni. Hapa sikufanyii mzaha, Mheshimiwa. Nimechoka kumpangusa mtoto machozi.

5. Kwa hivyo naomba Silima aondolewe kwenye ushitakiwa, afanywe kielelezo. Sifa anazo: mwanamme, mweusi, ana kovu pajani, umri sahihi hamsini na moja. Nirudishiwe nimtunze. Siku ya kesi nitamleta mwenyewe, kwa kamba ikibidi. Na kama kizimba hakiwezi kukaa kitupu, apandishwe mbuzi. Mla muhogo ni yeye, na akiulizwa ni kweli au si kweli hatakuchosha kwa maelezo.

Nisalimie karani, mwendesha mashtaka, na yule askari aliyenitoa nje. Laila anakuamkia.

Ni mimi, ninayeihesabu Ijumaa kwa vidole,
Mize binti Jabir.

Nyongeza: Karani wako kasema barua haipokelewi bila muhuri wa sheha. Nimempelekea sheha. Ameisoma yote nikiwa nimekaa mbele yake, na mkewe, Bi Duni, anacheka chumbani. Alipofika namba mbili akaniuliza mbuzi yuko wapi, kwani tangu jana jioni hajaonekana. Siwezi kumficha hakimu: yuko kwangu. Nilimkuta kwenye muhogo ule ule, nikamfunga kwa kamba ile ile. Nikamwambia sheha hivyo hivyo, naye akasema, "Mize, nifungulie mbuzi, nami nikufungulie mumeo." Wino umepatikana. Kesho asubuhi yeye na Bi Duni watakuja kumdhamini Silima, na Laila ameshakula. Namba mbili mpaka tano zifute. Namba moja nayo ifute, maana siku nikisomewa mimi shitaka la mbuzi huyu, nitajibu kwa ufupi kama mnavyopenda: si kweli.