Kuhusu Chai Yangu na Nafasi ya Mstari wa Mbele

Kwa Mganga Mkuu, Zahanati ya Karangsoko,

Natumaini magoti yako hayajambo. Yangu ni mazima, ndiyo maana nalalamika. Mimi ni mwalimu mstaafu, umri miaka sitini na tisa, na kila Ijumaa huongoza mazoezi ya akina mama wazee uwanjani kwenu. Mashindano ya wilaya yamebakiza wiki sita. Muuguzi wako, Wening, amenitoa mstari wa mbele kwa sababu damu yangu imesoma kumi nukta tisa, na yeye anataka kumi na mbili.

1. Nafasi yangu kapewa mama mwenzetu, Bu Ngatmi. Sote tukienda kushoto, yeye huenda kulia, tena akitabasamu.

2. Wening aliniuliza, "Bibi, kidonge cha madini ya chuma unamezea nini?" Nikamjibu, "Chai ya rangi, sukari vijiko vitatu, kama binadamu." Akashika kichwa. "Jamani, Bibi! Chai inazuia chuma kisiingie mwilini. Mezea maji ya mapera!" Nieleze taratibu: sisi Wajava hunywa chai kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi, kisha hupumzika kwa chai. Chai hii ilinikuta na meno yote.

3. Anadai nachoka. Sichoki. Kwenye ngazi za sokoni husimama mara tatu kutazama bei tu.

4. Amenitoboa kidole mara sita. Anachukua damu, kisha ananiambia imepungua! Hesabu hiyo wanafunzi wangu wa darasa la pili waliiweza.

Kwa hiyo naomba nipimwe baada ya mazoezi, damu ikiwa imechemka. Matone yangu sita yarudishwe. Na Wening ahamishiwe kisiwa kisicholima chai.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi, na yule paka wa dirisha la dawa.

Wako mtiifu, mwenye pumzi za kutosha,
Sulasmini Hardjowiyoto

N.B. Barua hii imekaa mkobani wiki tano nikikusanya ushahidi. Nilimezea vidonge maji ya mapera, chai nikaisogeza mbali na kidonge, ili Wening aumbuke. Leo damu yangu imesoma kumi na mbili nukta moja. Nimepanda ngazi za sokoni moja kwa moja, sijui hata vitunguu ni bei gani. Wening asihamishwe, Jumapili ya mashindano atanishikia mkoba. Matone abaki nayo. Bu Ngatmi asimame nyuma yangu, aone kushoto ni wapi.