Nani Kachukua Koti?

Jumatatu, 4 Machi
Mjomba ametangaza. Nikifeli tena mtihani wa Ijumaa, masomo ya jioni kwaheri. Nibaki karakanani kwake nikijaza makochi sponji mpaka ndevu zipate mvi. Mimi! Kichwa kama hiki!

Mtihani wenyewe ni wa mdomo. Hadithi moja tu, ya zamani. Mama anamshonea koti mwanawe aliyekwenda mbali. Analitundika msumarini karibu na mlango. Miaka inapita. Asubuhi moja anaamka: mlango wazi, msumari mtupu. Anatabasamu, anabandika maji ya chai. Basi!

Basi vipi? Nani kachukua koti? Mwalimu anasema tutafakari wenyewe. Mshahara ale yeye, kazi tufanye sisi.

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua siri: ukurasa wa mwisho umechanwa. Nikaenda maktaba. Nakala zote zinaishia kwenye chai. Mkutubi akasema kijana, hakuna kilichochanwa, mwandishi aliishia hapo. Wamekula njama.

Miwani, yule binti wa dawati la mbele anayejua kila kitu, anasema mtoto amerudi. Basi mimi nasema mwizi. Sikubaliani naye hata akisema jua huchomoza mashariki.

Jumatano, 6 Machi
Nimemsomea mama akikunja nguo. Natafuta shahidi. Nikamuuliza, mwizi au mtoto? Akauliza koti lilikuwa la kipimo gani. Nikasema haikuandikwa. Akasema basi ni la kipimo cha siku aliyoondoka. Mama atapata wapi kipimo kingine? Kama ni mwanawe, limembana mabegani. Kama ni mwizi, basi leo kuna mtoto wa mama mwenzake hasikii baridi. Angekuwa yeye, angebandika chai vilevile.

Mama naye! Namuuliza nani, ananijibu baridi. Halafu akaacha nguo, akaenda kutazama simu kama ina chaji. Ilikuwa imejaa. Tangu kaka aende ugenini akawa kimya, simu hiyo haizimwi. Kuunguza umeme tu.

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu msitu!

Nimeandika ukurasa wa mwisho mwenyewe. Mwizi anakamatwa sokoni kavaa koti, analia, anafungwa. Mwalimu alipotoka kunywa maji nikaubandika kwenye kitabu chake, kwa gundi ya sponji. Gundi ile inashika kochi la watu wanne. Kesho Miwani ataona haya.

Ijumaa, 8 Machi
Imeshika. Kitabu kizima! Mwalimu akavuta, akavuta, wapi! Tofali. Darasa likavunjika mbavu. Hakuuliza nani, gundi ilikuwa bado vidoleni mwangu. Akaniita mbele: haya bwana fundi, kitabu umekifunga, tufungulie hadithi kwa mdomo.

Mwizi wangu alikuwa humo ndani, kanaswa. Nikamwona akilini mjomba na magunia yake ya sponji. Mdomo ukafunguka wenyewe, yakatoka ya mama: kipimo, mabega, baridi, chai. Yote.

Miwani akavua miwani, akaifuta. Mwalimu akauliza taratibu nimeyatoa wapi. Nikajigonga kipaji cha uso: humu, mwalimu!

Nimefaulu. Adhabu ya kitabu: ninakili hadithi nzima kwa mkono, bila kuongeza hata neno.

Mjomba kanuna, fundi wa bure kamponyoka. Mama kafurahi. Akauliza, mwalimu alisema mwishowe ni nani? Nikamwambia hakusema. Akasema afadhali. Afadhali nini? Wazazi wana mambo.

Jumamosi, 9 Machi
Tumepewa hadithi nyingine. Mwanamke kasimama njia panda na sanduku lake. Anakwenda wapi? Haisemi! Hawa waandishi wanachoka mapema mno.

Nimeshawasaidia. Nimemwozesha kwa dereva wa lori, nikampa mapacha. Sasa hakuna cha kuuliza.