Roma kwa Jumamosi Moja

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimeporwa Roma mchana kweupe!

Mwisho wa mwezi linatoka gemu jipya la himaya za kale. Unachagua taifa na kiongozi wake, unajenga miji, unapigana, unatawala dunia. Watengenezaji hawajasema mataifa gani yamo. Wametoa picha ya vivuli tu, na wiki hii watamfunua kiongozi mmoja baada ya mwingine. Sisi watatu wa duka la magodoro, yaani mimi muuzaji, Keshia na Dereva, tutalicheza kwenye kompyuta ya stoo baada ya kufunga. Makubaliano: anayewahi kulitaja taifa, ni lake. Mwingine haligusi.

Kivuli cha mbele kina kofia yenye kishungi kama ufagio. Roma hiyo! Nikafungua kinywa. Mteja akaniita nimteremshie godoro la sita kwa sita. Kurudi, Keshia ameshasema Roma. Kwa hasira nikaropoka Kartago, nikaropoka na Kushi. Makombo matupu.

Jumanne, 3 Juni

Asubuhi nimemfuata Keshia kwenye dirisha lake. Nikamwambia Roma ni mzigo mzito, itamchosha. Akasema hauzi. Nikamsifia nywele. Akasema nywele hizo ni za wiki iliyopita. Hatimaye akaitazama ratiba ya zamu ukutani, akasema labda kwa mapumziko yangu ya Jumamosi: apumzike yeye, mimi nishike zamu yake. Na Kushi iwe nyongeza.

Nimekubali kabla hajameza mate. Kushi! Ufalme wa kusini mwa Misri, nani atakumbuka kuutia kwenye gemu? Nimemuuzia mbuzi kwenye gunia. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Mke wangu alikuwa anapiga pasi joho. Akauliza kama mapumziko yangu yako palepale. Kwa nini? Kwa ajili ya mahafali yake, Jumamosi. Chuo cha uuguzi, miaka mitatu ya kusoma huku mtoto mgongoni. Nikasema yako palepale.

Usingizi haukuja.

Jumatano, 4 Juni

Kiongozi wa kwanza amefunuliwa. Malkia wa Kushi! Upinde mkononi, macho makali, jeshi zima la wapiga mishale nyuma yake. Keshia alipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa akijaribu godoro akaanguka chini. Mteja kaondoka bila kununua. Bosi kanilaumu mimi.

Nikamwomba Keshia anirudishie Jumamosi. Akasema biashara ikishafungwa haifunguliwi. Nikamwambia ni mahafali ya mke wangu. Akacheka, akasema mwezi uliopita nilimwambia nina mazishi, wiki iliyopita nilikuwa na jino. Mwongo hata akilia haaminiwi!

Nimemwendea Dereva. Yuko tayari kunishikia zamu, ila anataka Kartago, na mimi nimbebee magodoro ya ghorofani hadi wiki iishe. Nimempa. Kartago si walipigwa na Warumi? Na Warumi ni mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Kartago. Na tembo! Tembo wenye deraya, wanavunja kuta. Dereva amepiga honi kutoka gereji hadi dukani.

Mimi nilikuwa ngazi ya tatu, godoro kichwani, bweni la wanafunzi. Mgongo umelia kama mlango mbovu. Narudi dukani, Bosi anatangaza kwamba Jumamosi Dereva ana mzigo wa shule ya mbali, hakuna kukwepa. Kwa hiyo zamu yangu haina wa kuishika. Nimeomba Kartago yangu. Dereva amesema yeye hajavunja ahadi, Bosi ndiye kaivunja, nikadai kwake.

Ijumaa, 6 Juni

Mama mkwe amewasili na kikapu na mwavuli. Hajakaa vizuri anauliza kesho tunatoka saa ngapi. Nikajifanya kutengeneza bomba.

Jioni mke wangu akarudi. Alipita dukani kumwalika Keshia mahafali. Keshia akamweleza kila kitu. Mke wangu hakupiga kelele. Heri angepiga. Akavua viatu taratibu, akasema:

“Baba watoto. Jumamosi yangu umeitoa kwa sababu ya Roma. Roma ni nani?”

Mama mkwe akaweka kikombe chini.

Nikaeleza kwamba Roma si mtu, ni himaya, tena ilishaanguka zamani, hakuna kilichobaki.

“Wote husema hivyohivyo,” akasema mama mkwe. “Kwamba yalishakwisha zamani.”

Nimelala kwenye kochi. Muuza magodoro mzima!

Jumamosi, 7 Juni

Nimemfuata Keshia nyumbani kwake kabla ya saa ya kufungua duka. Nikamwambia achukue Roma, anipe siku yangu. Akasema Roma haitaki. Nikabaki nimesimama kama mwiko kwenye chungu. Akaniangalia sana, kisha akasema, “Nenda, dukani nitaingia mimi. Si kwa ajili yako. Mkeo jana alilia pale dukani, kwenye kiti.”

Nilikimbia. Sikumjibu hata asante.

Nilifika ukumbini wanaanza kuitwa wahitimu. Mama mkwe akasogeza mkoba wake nikakaa. Mke wangu aliniona kutoka kwenye mstari. Akajizuia kutabasamu, akashindwa. Nikainua simu nimrekodi anapanda jukwaani. Ukumbi kimya. Mkuu wa chuo ananyoosha cheti. Na kioo cha simu kikafunikwa na tangazo: orodha kamili ya mataifa. Ile kofia ya ufagio ni ya Mgiriki!

“Roma haimo!” nikapiga ukelele.

Ukumbi mzima uligeuka. Mkuu wa chuo alibaki na cheti hewani. Mke wangu akakipokea mwenyewe, akashuka kichwa juu, kama anayetoka msibani kwa jirani asiyempenda. Video imerekodi sauti yangu tu, na mguu wa mama mkwe ukinikanyaga.

Nyumbani mke wangu amesema jambo moja: afadhali nilifika. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nimeapa. Magemu basi! Kuanzia leo mimi ni mume na baba.

Jumatatu, 9 Juni

Watengenezaji wametangaza kwamba miezi michache baada ya gemu kutoka watatoa nyongeza, mataifa mengine. Kivuli kimoja kina ndevu za kusukwa. Uajemi! Hata mtoto mdogo anaona. Keshia aliitaja kabla sijavua koti, lakini tumeelewana kama watu wazima: Uajemi kwangu, likizo yangu ya Agosti kwake.

Mke wangu bado hajauliza habari za likizo. Na Agosti iko mbali. Muda wa kutunga uongo wa maana upo tele.