Msumbufu wa Nani?

Jumamosi, 6 Juni

Nimekwenda kwenye hilo darasa lake la kutuliza moyo. Mke wangu kanivuta wee, mwishowe nikaona heri niende nipate amani nyumbani. Ukumbi wenyewe uko ghorofani, juu ya duka la dawa. Mikeka, mito, watu kumi na kitu wamefumba macho. Goti langu la kushoto limekufa ganzi kabla hata sijatulia.

Anayeongoza ni muuguzi mstaafu, wote wanamwita Sista. Ana sauti ya kubembelezea mtoto. Katupa zoezi la wiki: kila mmoja achague moyoni watu watatu. Mpendwa wake. Mtu wa katikati, ambaye humpendi wala humchukii, yupo tu. Na Msumbufu, yule anayekupandisha presha. Wote uwatakie heri kila siku, na huyo Msumbufu umtendee wema mdogo mdogo bila kumwambia. Ndivyo huruma inavyokomaa, anasema.

Msumbufu wangu sikumtafuta mbali. Dobi, jirani yangu wa dukani. Mashuka yake yanachuruzikia kibao changu mpaka herufi ya kwanza imefutika. Sasa nauza OTOKOPI.

Tulipomaliza, dobi huyo huyo, kumbe naye huja kwa Sista, akanibebea mto wangu mpaka kabatini, anatabasamu. Mtu ambaye salamu tu huitoa kwa shida. Nimefika nyumbani ndipo wazo likaniingia: kila mtu mle ndani kachagua mtu. Mimi kanichagua nani?

Jumapili, 7 Juni

Mke wangu kanipigia pasi shati bila kuombwa. Kanitilia sukari kwenye chai, yeye aliyeificha sukari tangu daktari aniseme. Wema mdogo mdogo. Bila kuniambia.

Nikamuuliza kwa mbali, eti watu huwa wanachagua akina nani. Akasema mambo ya moyoni hayaulizwi, Baba Pacha, kunywa chai. Akacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Jumatatu, 8 Juni

Nimepata njia. Aliyeniweka Msumbufu lazima anivumilie, ndiyo sheria ya zoezi. Basi nitaudhi watu kwa makusudi, nione nani anavumilia kupita kiasi. Akili ninayo, watu hawajui tu.

Asubuhi nimepanga maboksi ya karatasi mbele ya mlango wa dobi. Akayaruka, akaniuliza pacha hawajambo. Ushahidi. Mchana nikamrudishia dada wa duka la dawa, naye hukaa mkekani kwa Sista, chupa ya dawa ya kikohozi niliyokwisha kuinywa nusu, nikadai haifanyi kazi. Akaipokea, akaniambia nipumzike. Ushahidi. Jioni nikamwambia mke wangu chakula hakina chumvi, na chumvi ilikuwepo. Akanyanyuka, akaniletea kopo la chumvi, kimya. Tangu tuoane hajawahi kunyanyuka kimya. Nimeshindwa kumaliza sahani.

Nilitafuta mmoja, nimepata watatu.

Jumatano, 10 Juni

Nimebadili mbinu. Mtu akiwa mwema kupindukia, nani atathubutu kumwita msumbufu? Nimewahi dukani nikafagia mbele kwa dobi, kwa nguvu zangu zote, vumbi likatua kwenye mashuka ya hoteli aliyokuwa ameyaanika. Meupe yalikuwa. Dobi akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akaishusha taratibu kama Sista alivyotufundisha. Kisha akanishukuru kwa kufagia. Bora angenitukana.

Dobi namuweza. Ninayemuogopa ni mke wangu. Nikamtuma shemeji, mdogo wake, aliyekuja kututembelea siku mbili mwaka jana na bado yupo kwenye kochi letu. Nikamwahidi shati langu la bluu, amchimbe dada yake. Akarudi na sura ya msiba. Dada yake kamtazama weee, akamwambia kwamba Msumbufu wake anaishi humu humu ndani. Shemeji kanishika bega, kanipa pole. Shati kachukua.

Nikapiga hesabu ya waliomo humu ndani. Pacha bado wananyonya vidole. Nimebaki mimi.

Ijumaa, 12 Juni

Leo sijafanya kazi ya maana. Kadi za harusi za watu nimezichapa, jina la bwana harusi nimeliweka kwa bibi harusi. Wamezikataa zote.

Naogopa, huo ndio ukweli. Nilidhani mke wangu akinitazama anamwona yule kijana aliyekuwa akimpepea kwa karatasi za fotokopi siku umeme ulipokatika, tukacheka mpaka wateja wakaondoka. Kumbe anaona zoezi la kufanya. Mtu anakupigia pasi shati huku anavuta pumzi ili asikuchukie. Siwezi kuishi hivyo.

Kesho lazima nijue. Nisipojua, nahamia kwa mama.

Jumamosi, 13 Juni

Nilipanga kusubiri mpaka mwisho. Sikuweza. Katikati ya ukimya nikasimama, goti ganzi, nikamkanyaga dada wa duka la dawa mkono, nikawaambia aliyeniweka Msumbufu anyooshe mkono tumalize.

Macho yote yakafunguka. Sista hakupandisha sauti. Akasema mambo haya kwa kawaida hayasemwi, ila ndugu yetu anateseka, basi leo tumsaidie. Aliyemchagua Baba Pacha kuwa Msumbufu wake anyooshe mkono.

Hakuna. Hata dobi. Nikasikia mwili wote unalegea kwa raha.

Sista akauliza waliomweka katikati. Mikono ikapanda ukumbi mzima. Dada wa duka la dawa, kwa mkono ule ule nilioukanyaga. Dobi naye. Nikamuuliza dobi, na maboksi je? Na vumbi? Akanijibu kwa upole kwamba Msumbufu wake ni baba yake mzazi, walikuwa hawasemezani, na wiki hii kajikaza kampigia simu. Mimi hajawahi kuniwazia sana. Nipo tu.

Nipo tu! Mimi!

Sista akamalizia na aliyemweka Mpendwa. Mkono mmoja. Wa mke wangu, machozi yanamlengalenga. Akasema Msumbufu wake ni mdogo wake wa kwenye kochi, na anamwombea apate kazi. Sukari alinitilia kwa sababu aliniona nina mawazo. Akaningoja niseme neno.

Nami nilikuwa bado nahesabu mikono ya katikati. Nikamgeukia dobi nikamuuliza mtu afanye nini hasa mpaka naye awaziwe. Nilipogeuka tena, mke wangu alikuwa ameshashuka ngazi.

Jumapili, 14 Juni

Nimelala vizuri, mara ya kwanza wiki nzima. Jambo limekuwa wazi. Mtu wa heshima zangu hawezi kuwa wa katikati. Msumbufu ana nafasi yake: anawaziwa kila siku, anatendewa wema, watu wanavuta pumzi kwa ajili yake. Kufikia Jumamosi ijayo dobi atanichagua, atake asitake. Spika kubwa nimeshaiazima, kesho naielekeza ukutani kwake. Dada wa duka la dawa nitamtafutia lake.

Nikamweleza mke wangu mpango wote, nikijua atafurahi kuniona nina bidii na zoezi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini. Akasema Sista anaruhusu kubadilisha kila wiki, basi naye kabadilisha: mdogo wake kampandisha kwenye wapendwa, na mimi kaniteremsha pale alipokuwa mdogo wake.

Mmoja nimeshampata. Bado dobi.