Mgonjwa Tuliyemzika Juzi

Mpiga mbiu alipita sokoni Kisarawe kahawa haijapoa vikombeni. Akaligonga debe lake, akakohoa, akatangaza: kipindupindu kimeingia. Mgonjwa kapatikana mmoja, naye ni Mzee Pazi. Njia ya Mkuza imefungwa, haingii mtu wala hatoki mtu mpaka mgonjwa apone au azikwe. Akagonga tena debe, akaenda zake.

Kashata ilinidondoka. Hata yule mbwa wa sokoni asiyechagua hakuiokota, naye alikuwa anasikiliza.

"Mzee Pazi yupi?" akauliza Kibwana. Kijiweni tulimwita Bwana Harusi, maana mwezi mzima hakuwa na habari nyingine mdomoni.

"Kwani tulikuwa na wangapi?"

"Si tulimzika juzi?"

"Udongo wake huu bado uko kwenye kucha zangu," akasema Shomari muuza kahawa. Wote tukavitazama vikombe vyetu upya.

Kibwana akasimama, akashika kichwa. "Jamani, mchumba wangu yuko Mkuza! Harusi Ijumaa! Baba mkwe keshasema, Ijumaa ikinipita, binti anampa yule kizee mwenye minazi!"

"Basi mwombee Mzee Pazi apone upesi," akasema Husseini. Huyu ndiye Gazeti, habari aliipata kabla haijatokea. "Tulia, kaka. Mgonjwa mwenyewe ni Sixtus."

"Sixtus Mnyamwezi? Mtani wetu?"

"Huyohuyo. Wewe matangani ulikuwa unatazama masufuria tu." Gazeti akasogea mbele, tako moja likabaki nje ya benchi. "Si unajua marehemu na tumbo lake? Mzee Pazi akila muhogo, hamalizi kunawa, keshashika kopo."

"Mimi shahidi," nikadakia. "Siku moja kule Ruvu alilipita gari moshi, na maji ya kopo hayakumwagika hata tone."

"Acha uongo wewe, alilipita likiwa limesimama," akasema Shomari.

"Likiwa limesimama lilikuwa linamshangaa yeye!"

"Niacheni nimalize," Gazeti akapiga goti. "Sasa Sixtus mtani, kazi yake nini? Kumwigiza marehemu. Kopo mkononi, mbio kichakani. Karudi. Mbio tena. Kaanguka katikati ya wafiwa, macho juu, miguu inarusha mchanga. Tunacheka, wafiwa wanashika mbavu. Kumbe Bwana Afya kasimama nyuma ya ua."

Huyo Bwana Afya alikuwa mgeni, katoka Bukoba. Serikali ilisikia kuna ugonjwa melini, ikamleta anuse kila msiba wa pwani. Mambo ya utani wetu hakuyajua.

"Lakini Sixtus ana mdomo! Si aseme yeye mzima?"

"Aseme vipi, wafiwa hawajamkomboa? Mtani hatoki kwenye umarehemu mpaka apewe jogoo. Kaulizwa jina, kasema Pazi. Kaulizwa anaumwa nini, kasema mimi nimekufa, naomba uji."

"Jogoo ninaye!" Kibwana akawa keshavaa kiatu kimoja. "Wa harusi yangu, mnene kama karani! Nampeleka sasa hivi!"

"Jogoo hutoka kwa wafiwa, bwana wee. Na mjane hataki."

"Hataki nini?"

Jibu lilipita lenyewe. Mwanamvua, jirani wa mjane, alikuwa anakwenda na bakuli la uji kwenye kibanda cha wagonjwa, alikofungiwa Sixtus. "Bi Mwamini kasema asiguswe," akasema bila kusimama. "Pazi yule wa kwanza, tangu ndoa hakumwuliza kaamkaje. Huyu kila bakuli linarudi na salamu. Kasema abaki hukohuko."

Kibwana akakaa chini, mchangani kabisa.

Ndipo akatokea Bwana Afya mwenyewe, kofia ngumu kichwani, leso puani. Cornel, mwalimu wa dini wa Kilutheri, tuliyemsukuma mbele kwa kuwa ndiye mwenye kola, akainuka.

"Bwana Afya, yule si mgonjwa. Ule ni utani."

"Ametapika."

"Kaigiza kutapika."

"Amezimia."

"Kaigiza."

"Anamwita mjane wa watu mke wangu."

Cornel akanitazama. "Hilo sasa, sijui."

"Nimekwisha peleka habari Dar es Salaam," akasema Bwana Afya. "Daktari mkubwa Mzungu akija, nimwambie utani ni kitu gani?"

"Mwambie ni kama wao Waingereza na Wajerumani wakati wa vita," akasema Gazeti. "Si walitaniana hapahapa mpaka ng'ambo ya Ruvu, mizigo tukabeba sisi?"

Shomari alicheka mpaka akamimina kahawa kwenye kofia yake. Bwana Afya hakucheka. "Amri ni amri. Mgonjwa wangu anaitwa Pazi. Apone au azikwe, njia ifunguliwe."

Kibwana akaruka toka mchangani, machozi yanamtoka. "Pazi tulimzika! Mimi mwenyewe niliingia kaburini nikampokea! Kisarawe nzima ilikuwapo! Tumzike mara ngapi ndiyo nioe?"

Bwana Afya akaishusha leso. "Mmemzika?"

"Juzi!"

"Pazi?"

"Pazi!"

"Watu wameona?"

Soko zima likaitikia. Hata muuza samaki, ambaye siku ya maziko alikuwa safarini, akaapa.

Bwana Afya akatutazama mmoja mmoja kwa hasira ya kweli. "Mgonjwa wangu amezikwa tangu juzi, na hakuna mtu wa kuniletea habari! Ninyi ni watu gani?" Akamgeukia askari. "Mgonjwa amezikwa. Kafungueni njia."

Kibwana alikuwa keshapotea. Kiatu kimoja alikiacha, na naamini hata leo vumbi lake halijatua.

Mwanamvua akarudi na bakuli tupu. "Mbona vigelegele?"

"Kipindupindu kimekwisha. Mzee Pazi kazikwa."

"Tena?" Akasimama, bakuli kiunoni. "Sasa eda ya Bi Mwamini tunaihesabu tangu maziko yale, au haya?"

Tukamgeukia Cornel.

"Mimi Mlutheri," akasema, akachukua kofia yake akaondoka.